Ijumaa Katika Gari la Chini

Magnhild alilichukia gari la mjukuu wake, Jorid, kwa miaka mingi, na hakuwahi kuificha chuki hiyo. Lilikuwa Volvo kuukuu la rangi ya zambarau. Jorid alikuwa amelikata springi kwa mikono yake mwenyewe, kwenye gereji aliyokuwa akifanya kazi, mpaka likalala chini kama paka anayenyemelea ndege. Ekzosi yake ilisikika kabla gari halijaonekana. Vikombe vilianza kulialia kabatini, na Magnhild akajua msichana ameshafika kwenye njiapanda. Wakati wa kiangazi hilo halikuwa neno, kila mtu na wazimu wake. Lakini bonde lile la Østerdalen lilikuwa na theluji kuanzia Novemba mpaka Aprili, na wakati wanaume wazima wenye magari marefu walikuwa wakikwama, Jorid alipita hapo hapo na lile gari lake, bampa ikisukuma theluji mbele kama koleo.

"Gari la watu mtu analipanda," Magnhild alizoea kumwambia. "Hilo lako mtu analivaa."

"Iko siku utalivaa na wewe, mke mwenzangu," Jorid alimjibu. Tangu alipojua kusema, babu yake alikuwa "mume wangu" na bibi yake "mke mwenza," na hata sasa, msichana mkubwa mwenye mafuta meusi kwenye kucha, hakuuacha utani huo.

Siku yenyewe ilikuja mapema kuliko walivyodhani. Magnhild alikuwa amesharudisha leseni yake kwa sababu ya macho, na kila Ijumaa teksi ya halmashauri, ile ndefu inayobeba wagonjwa, ilimpeleka kwenye makao ya wazee upande wa juu wa bonde kumwona mumewe, Embret. Mwanzoni mwa majira ya baridi yale aliteleza kwenye kidato cha teksi hiyo chenye barafu. Hakuvunjika popote, dereva alimdaka. Lakini Ijumaa iliyofuata alisimama mbele ya kidato kile kile na mguu ukakataa kunyanyuka. Alimwambia dereva aende tu, yeye hajisikii vizuri. Kisha akarudi ndani, akaketi jikoni na koti lake, na kikapu cha maandazi ya iliki mapajani.

Jorid alimkuta hivyo. Alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Hakuuliza maswali, alitoka, akafagia makombo na risiti kwenye kiti cha mbele, akarudi kumshika bibi yake mkono.

"Geuka unipe mgongo," alimwambia walipofika kwenye mlango wa gari. "Haya, kaa. Kama unakaa kwenye kigoda cha kukamulia."

Magnhild alikuwa amekamua ng'ombe tangu ujana mpaka uzee. Alikaa. Hapakuwa na kidato, hapakuwa na kupanda. Kiti kilikuwa pale pale magoti yalipotaka kiwe. Aliingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, na kabla hajapata neno la kulalamika mlango ulikuwa umefungwa.

Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Huko makao ya wazee Jorid ilimbidi akite buti zake kwenye theluji, amshike bibi mikono miwili na kumvuta, naye akachomoka kama karoti. Wauguzi waliokuwa dirishani walicheka, na Magnhild akacheka pia, jambo ambalo mlango ule haukuwa umeliona kwa muda mrefu.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila Ijumaa Jorid aliomba ruhusa ya kutoka gereji baada ya chakula cha mchana, akamfuata bibi yake. Magnhild alijifunza mambo ambayo hakudhani angejifunza uzeeni. Alijifunza kwamba katika theluji gari la chini haliendeshwi katikati ya alama za magurudumu ya malori, kwa sababu katikati pana mgongo wa theluji iliyoganda unaokwaruza tumbo. Tairi la upande mmoja hupandishwa juu ya mgongo huo, gari likaenda limeinama kama mtu aliyebeba ndoo moja. Alijifunza kwamba bampa inayoning'inia hufungwa kwa kamba za plastiki na safari ikaendelea. Na alijifunza kwamba springi zilizokatwa hazisamehe kitu. Kila shimo, kila kiraka, kila ufa wa lami ulipita kwenye kiti na kumpanda uti wa mgongo. Alikuwa amepita barabara ile tangu azaliwe, asijue kama ina mabonde na milima namna ile.

Embret alikuwa dereva wa greda. Barabara ya bonde, kutoka daraja la Neset mpaka Fossum na kuendelea mpaka misitu inapoishia, aliilima yeye. Theluji wakati wa baridi, changarawe wakati wa kiangazi, mpaka alipostaafu. Watu waliamka wakakuta njia ipo, wakaenda zao kazini bila kuwaza imetoka wapi. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemtoboa kidogo kidogo, kama panya anavyotoboa gunia, kutoka chini, na kila kilichomwagika hakikurudi. Jina la mkewe lilikuwa limekwenda mwaka uliopita. Alimwita "mama," kwa heshima, kama mgeni anavyomwita mwenyeji. "Asante, mama, umejisumbua sana," alimwambia kila alipopewa andazi. Magnhild aliona afadhali angemtukana. Adabu ile ilimuuma kuliko tusi.

Siku za theluji ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Embret alisimama dirishani asikae, asile. Alitafuta viatu, akaulizia funguo. Muuguzi wake, Unni, mwanamke mpole mwenye subira ya kupikia mawe, alimwambia kwamba barabara imeshalimwa, mzee, yupo mwingine anayeifanya kazi hiyo. Embret alimtazama kama mtu anayedanganywa na kujua anadanganywa.

Arvid, mtoto wao wa pekee, baba yake Jorid, alifanya kazi kwenye visima vya mafuta baharini na alikuwa nyumbani kwa vipindi. Alishajaribu kumtembeza baba yake kwa gari lake jipya, gari kubwa lililokwenda kimya na laini kama kitanda. Hawakufika mbali. Mzee aliingiwa na hofu, akauliza anapelekwa wapi na hawa watu ni akina nani, akautafuta mkono wa mlango huku gari likienda. Tangu siku hiyo wote walikubaliana kwamba mambo ya gari basi tena.

Ijumaa moja kabla ya Krismasi theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi. Jorid na Magnhild walipoingia ukumbini walimkuta Embret mlangoni amevaa koti, miguuni ana soksi tu, mkono umeshika kitasa. Unni alikuwa amesimama mbele yake akimsemesha taratibu. Mzee hakuwa akipigana. Alikuwa akilia, machozi yanashuka bila sauti mpaka kwenye kidevu.

"Watafukiwa," alisema. "Watu watafukiwa, na mimi nimesimama hapa."

Magnhild hakuwahi kumwona analia, hata walipomzika mama yake. Alisimama na kikapu chake asijue akiweke wapi. Jorid ndiye aliyesogea. Alipiga magoti, akamvalisha babu yake buti, moja na ya pili, kama anavyovalishwa mtoto, kisha akamwambia, "Mume wangu, twende tukaitazame barabara."

Magnhild alitaka kukataa. Alikumbuka habari ya mkono wa mlango. Unni naye alisita, akaenda kumuuliza msimamizi, akarudi na jibu kwamba wanaweza, ila wasiende mbali na wawahi kahawa ya jioni. Pengine na yeye alikuwa amechoka kudanganya.

Walimkalisha mbele. Embret aligeuka, akakaa, akaingiza miguu bila kusaidiwa. Magnhild alijikunja nyuma pamoja na koleo, jeki na mfuko wa mchanga, magoti yakimgusa kidevu. Mwanzoni alimwona mumewe ameushika mkanda kwa mikono miwili, mabega yamepanda. "Tunakwenda wapi?" aliuliza. Jorid alimwambia wanakwenda upande wa Neset. Aliuliza tena, na sauti ilikuwa imeanza kutetemeka.

Hapo ndipo gari lilipodunda. Mdundo mmoja mkali, halafu mwingine mdogo nyuma yake; Magnhild aliuma ulimi.

Embret alinyamaza. Aliushusha mkono mmoja, akauweka kando ya kiti, kiganja wazi, kama mtu anayemgusa mnyama ubavuni.

"Kalavati la Neset," alisema.

Jorid alitazama nje. Kulikuwa na weupe mtupu. Huoni mto, huoni uzio. Lakini lilikuwa kalavati la Neset kweli.

"Hapa kisu cha greda kinakwama ukizubaa," mzee aliendelea. "Lami ya huku imeinuka. Unainua kidogo, unahesabu, unashusha." Na baada ya kitambo, gari lilipoyumba kwa mawimbi madogo madogo, alisema, "Kinamasi. Hapa kila mwaka barafu inaibenua. Wahandisi wanakuja, wanatazama, wanakwenda kunywa kahawa."

Jorid alicheka, na mzee akacheka pia kwa kuona amechekesha. Msichana alipunguza mwendo. Alianza kupita juu ya mashimo aliyozoea kuyakwepa, moja baada ya jingine, makusudi, na babu yake aliyataja yote: kona ya kinu, shamba la Haugen, mteremko ambapo lori la magogo lilipinduka wakati wa mvua. Magnhild hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa muda mrefu. Alijiinamia kule nyuma, ameshika kiti cha mbele, akiogopa hata kukohoa.

Jorid alimuuliza anajuaje, na nje hakuonekani kitu. Embret aliona ni swali la ajabu. "Dereva wa greda haoni kwa macho," alisema. "Anaona kwa makalio."

Walipokaribia Fossum, alinyoosha kidole.

"Hapa taratibu. Hapa nainua kisu."

"Kuna kalavati?" Jorid aliuliza.

"Hakuna kalavati. Kuna kichanja cha kuwekea maziwa. Nikipita na kisu chini, theluji yote inamwendea yule msichana na makopo yake. Kwa hiyo nainua. Nikirudi nasimama, nashuka, namalizia kwa koleo."

Fossum ndiko kwao Magnhild, alikozaliwa. Kichanja kile cha mbao kilishaoza na kuondolewa zamani, lakini alisimama pale asubuhi zote za ujana wake akisubiri lori la maziwa. Pale hapakujaa theluji hata siku moja. Baba yake alizoea kusema kwamba upepo unawapenda watu wa Fossum. Yeye mwenyewe aliamini ni upepo, akaolewa, akazaa, akazeeka, bado anaamini ni upepo. Embret hakuwahi kumwambia.

"Msichana gani huyo?" Magnhild aliuliza kutoka nyuma.

"Wa hapo Fossum. Anavaa kitambaa chekundu." Embret alifikiri kidogo. "Hanisalimii. Ananitazama tu, kama mtu niliyemvunjia dirisha."

"Ana haya tu."

"Unamfahamu, mama?"

"Namfahamu."

Jorid alikuwa akiendesha polepole mno, ameubana mdomo, macho hayatoki barabarani.

"Kuna jambo nataka kumwambia," mzee alisema. "Siku nyingi. Ila mimi nanuka dizeli."

"Mwambie," Magnhild alisema. "Dizeli haimsumbui."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Atakubali."

Embret alijaribu kugeuka amwone anayesema naye, lakini kiti kilikuwa chini na mkanda umemshika. Akainua mkono tu. "Asante, mama," alisema. Na neno lile, ambalo mwaka mzima lilikuwa likimchoma, Magnhild alilipokea kama mtu anayepokea kikombe cha kitu cha moto.

Ilikuwa safari njema mpaka wakati wa kugeuza. Kwenye njiapanda ya Fossum upepo ulikuwa umerundika theluji. Jorid alirudi rivasi, akasonga mbele, na gari likapanda juu ya mgongo wa katikati, tumbo likakaa, magurudumu yakazunguka hewani. Alizima injini. Alitoka na koleo, akaanza na ekzosi, kwa sababu gari la chini hufukiwa bomba kwanza na moshi ukawageukia waliomo. Halafu akalala kifudifudi akachimba. Kila alichotoa, upepo ulirudisha. Ndani, baridi ilianza kupanda kutoka sakafuni. Magnhild alivua shali yake akamzungushia mumewe mabegani, akisubiri ile hofu irudi. Haikurudi.

"Usiwe na wasiwasi," Embret alimwambia. "Greda litakuja."

Likaja kweli, si greda, bali lori la kusukuma theluji, taa zake zikizunguka. Dereva alikuwa Kolbjørn, mtu wa makamo mwenye ndevu nyekundu aliyefundishwa kazi na Embret. Alishuka anacheka, ameshaandaa maneno.

"Jorid, hilo ni gari au zulia?"

Kisha akainama kuchungulia, akaona ni nani aliyekaa kiti cha mbele. Alivua kofia yake, theluji inamwangukia kichwani.

Embret alikuwa ameshateremsha kioo. Hakuonyesha kwamba anamtambua. "Huu mgongo katikati ya barabara," alisema, "kauacha nani?"

"Mimi, mzee."

"Watu wanapita hapa."

"Ni kweli, mzee. Nimekosa."

"Shusha kisu. Usiionee huruma barabara, waonee huruma watu."

Kolbjørn aliwavuta kwa mnyororo mpaka penye njia, halafu akawatangulia polepole hadi makao ya wazee, akilima mbele yao. Kahawa ilikuwa imeshapoa, na Unni alikuwa amesimama nje bila koti. Lakini Embret alikula maandazi yote mawili, na alipokwenda kulala hakuulizia funguo. Kuanzia wiki ile, theluji inyeshe vipi, kila Ijumaa mchana barabara ile ilikuwa imekwanguliwa mpaka weusi wa lami. Ilikuwa kazi ya Kolbjørn.

Arvid aliporudi kutoka baharini kwa Krismasi alikuwa ameshasikia yote, tena kwa namna watu wanavyosimulia. Alikuja na sanduku zito, akaliweka sakafuni jikoni kwa mama yake. Ndani mlikuwa na springi ndefu mpya za Volvo. Aliziita zawadi. Alimwambia Jorid achague: gari linyanyuliwe, au safari ziishe; baba yake si mtu wa kukalishwa kwenye baridi ndani ya gari linalokwama kwenye tuta ambalo kuku analiruka. Jorid alizitazama zile springi. Alijua baba yake ana haki kwa sehemu.

Magnhild alimmiminia mwanawe kahawa. "Utazifunga," alimwambia. "Lakini kwanza kakae nyuma."

Kwa hiyo Ijumaa ile Magnhild alibaki nyumbani, na Arvid, mtu wa urefu wa mlango, akajikunja kule nyuma na jeki. Magnhild aliwasubiri dirishani. Waliporudi, mwanawe hakuingia ndani mara moja. Alisimama uani, akaliangalia lile gari, akavuta makamasi, akajifanya anakung'uta theluji kwenye buti ambazo hazikuwa na theluji.

"Ameniuliza kama najua kuendesha," alisema alipoingia. "Amesema ana mtoto wa kiume, bado mdogo, anapenda kukaa naye kwenye greda. Amesema siku moja atamfundisha." Alikaa. "Kwenye gari langu hakuna kinachomwambia yuko wapi, mama. Ndiyo maana aliogopa."

Siku iliyofuata alilala chini ya Volvo juu ya boksi lililokunjuliwa, kwenye baridi inayogandisha kope, akafunga bamba la chuma kuanzia chini ya injini mpaka nyuma ili tumbo liteleze lisikwame. Jorid alikaa kando akimpa spana. Springi mpya zilirudi kwenye sanduku lake, na sanduku likaenda stoo.

Majira ya baridi yale yalikuwa mazuri kwao. Si kila Ijumaa ilikuwa na maneno. Siku nyingine Embret alitaja kalavati tu, akanyamaza. Siku nyingine alilala tangu mwanzo. Yule msichana wa Fossum alimtaja mara chache, na hakusema tena jambo alilotaka kumwambia, naye Magnhild hakumsukuma. Alikuwa ameshalisikia zamani.

Kiangazi idara ya barabara ilikuja. Zilikuja mashine, likaja lori la lami inayofuka moshi, na mpaka majani ya miti yanageuka rangi barabara ya bonde ilikuwa nyeusi na laini kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kalavati la Neset lilisawazishwa. Kinamasi kilichimbwa, kikajazwa mawe. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Magnhild alipita pale ndani ya gari la Jorid akahisi kwamba hahisi kitu, na hakulala vizuri usiku ule.

Embret naye alikuwa ameugua mapafu wakati wa kiangazi. Alipona, lakini alipungua; koti lake lilikuwa kama la mtu mwingine. Ilipofika Novemba, theluji ya kwanza ikaanguka, na Unni akapiga simu kusema mzee amesimama dirishani. Jorid alisema wakati wanakwenda kumchukua kwamba labda wapite njia ya msituni, ile ya changarawe, ambayo hakuna aliyeigusa. Lakini ile ilikuwa haijalimwa, na hata bamba la Arvid lisingewasaidia huko.

Walimkalisha mbele. Gari liliteleza kwenye weupe bila mdundo. Walipita Neset, mzee kimya. Wakapita kinamasi, kimya. Kisha Magnhild aliona mabega yanapanda.

"Tunakwenda wapi?" Embret aliuliza. Na tena, "Nyinyi ni akina nani?"

Mkono wake wa kulia uliacha mkanda, ukaanza kupapasa mlangoni. Jorid alipunguza mwendo, akamtazama bibi yake kwenye kioo, na uso wake ulikuwa wa mtoto.

Magnhild alijivuta mbele kadiri magoti yalivyomruhusu. Aliuweka mkono wake begani kwa mumewe, akaubonyeza, mara moja kwa nguvu na mara moja taratibu.

"Tumepita kalavati la Neset," alisema. "Uliinua kisu, ukashusha. Tumepita na kinamasi. Wahandisi wamekwenda kunywa kahawa."

Mkono wa mlangoni ulisimama.

"Sasa inakuja kona ya kinu," Magnhild alisema, akamsukuma bega kidogo upande ambao gari lingeelemea, na gari likaelemea. "Hii. Mbele ni Haugen. Hapo pana kiraka kirefu, halafu shimo." Akambonyeza kwa kiraka, akambonyeza kwa shimo. Alijikuta anayajua yote. Hakuwa ameyasoma popote. Yalikuwa yameingia kupitia kiti, Ijumaa kwa Ijumaa, bila yeye kutaka.

Aliendelea hivyo njia nzima, kwenda na kurudi, sauti chini, mkono begani. Mabega yalishuka polepole.

"Unaijua barabara, mama," Embret alisema.

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

"Na mume wangu. Alikuwa dereva wa greda."

Embret aliitikia kwa kichwa, kama mtu wa kazi anapomsikia mtu wa kazi mwenzake. "Basi alikuwa anaijua kazi yake," alisema. "Kailima vizuri hii."

"Ndiyo," Magnhild alisema. "Vizuri sana."

Mzee aliegemeza kichwa nyuma, kikafika karibu na mkono wa mkewe, na hakikuondoka. Walipofika kwenye geti la makao ya wazee, taa za ukumbini zilikuwa zimewashwa na Unni alikuwa anawapungia. Jorid aliuliza kwa kunong'ona kama asimame.

Magnhild alisikiliza pumzi ya mumewe. Alikuwa amelala.

"Endelea kidogo," alisema. "Turudi mpaka Neset, tugeuzie huko."